Shaba Katika Baridi Kuu: Mwenendo wa Joto Ndani ya Metali Karibu na Sifuri Kamili

Shaba inayochimbwa katika Ukanda wa Shaba wa Zambia na katika migodi ya Katanga, kusini mwa Kongo, huvuka mpaka wa Nakonde na Tunduma ikiwa katika mabamba mapana yaliyofungwa kwa mikanda ya chuma, mengine yakiwa juu ya malori yanayofuata barabara kuu ya Dar es Salaam, mengine juu ya mabehewa ya TAZARA, reli yenye urefu wa kilomita 1,860 iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Mpakani metali hiyo huhesabiwa kwa tani, na karatasi zinazoisindikiza hutaja usafi wake, ambao kwa shaba iliyosafishwa kwa umeme hufikia asilimia 99.99. Kwa mtengenezaji wa nyaya za umeme usafi huo unatosha kabisa. Kwa mwanafizikia anayeunda kigunduzi cha kunasa chembe moja tu ya nyutrino au mtikisiko hafifu wa mawimbi ya uvutano, ile sehemu moja katika elfu kumi iliyobaki ndiyo inayoamua kama chombo chake kitafanya kazi au la, kwa sababu chombo hicho hakitumiki katika halijoto ya Tunduma wala ya Dar es Salaam, bali katika baridi inayokaribia mwisho wa baridi yenyewe, mahali ambapo metali huacha karibu kila tabia inayojulikana sokoni na karakanani.

Mkoa wa Songwe, ulioanzishwa mwaka 2016 kwa kuugawa Mkoa wa Mbeya, una uhusiano wa karibu na jambo hili kuliko inavyodhaniwa. Shaba hupita katika mji wake wa mpakani, heliamu, yaani gesi ambayo bila hiyo baridi kuu isingewezekana, imo chini ya ardhi yake katika bonde la Rukwa, na chuma kilichoanguka kutoka angani kimelala Mbozi. Mhadhara huu unafuata vitu hivyo vitatu kwa lengo moja, nalo ni kuonyesha kwamba katika baridi kuu thamani ya metali haimo katika uzito wake, bali katika mambo madogo ambayo mizani haiyaoni: atomi ngeni chache, historia ya kipande chenyewe, na hali ya maungio yake.

Halijoto ni kipimo cha msukosuko wa chembe ndogo zinazounda kitu, na kwa kuwa msukosuko huo hauwezi kupungua bila kikomo, kuna halijoto ya chini kabisa ambayo hakuna kitu kinachoweza kuivuka. Kikomo hicho huitwa sifuri kamili, nacho kiko kwenye nyuzi 273.15 chini ya sifuri ya selsiasi. Wanafizikia huhesabu kuanzia hapo kwa kipimo cha kelvini, ambacho hatua yake ni sawa na nyuzi moja ya selsiasi, hivyo chumba cha kawaida kina kelvini 293 hivi, nitrojeni iliyogeuzwa kimiminika huchemka kwenye kelvini 77, na heliamu kwenye kelvini 4.2. Anga tupu lililo baina ya galaksi lina kelvini 2.7. Vigunduzi vinavyozungumziwa hapa hufanya kazi kwenye kelvini 0.01, yaani milikelvini 10, halijoto iliyo chini ya ile ya anga hilo kwa zaidi ya mara mia mbili na hamsini.

Njia ya kufika huko hupitia heliamu, gesi ambayo mwanafizikia wa Uholanzi Heike Kamerlingh Onnes aliigeuza kimiminika kwa mara ya kwanza mjini Leiden tarehe 10 Julai 1908. Miaka mitatu baadaye, akipima zebaki katika baridi ya heliamu hiyo, aligundua kwamba ukinzani wa umeme hutoweka ghafla, na hapo ndipo ulipoanza ujuzi wa metali zinazopitisha umeme bila ukinzani wowote. Heliamu ina sifa ambayo hakuna kitu kingine kinachoshiriki nayo: katika kanieneo ya kawaida haigandi kamwe, hata kwenye sifuri kamili, kwa hiyo hubaki kimiminika mahali ambapo kila kitu kingine kimekwisha kuwa jiwe.

Heliamu ya bonde la Rukwa imezaliwa na miamba yenyewe. Atomi za urani na thori zilizomo katika miamba ya kale sana ya Tanzania huoza polepole na kutoa chembe za alfa, na kila chembe ya alfa ni kiini cha atomi ya heliamu, ambacho kikishapata elektroni mbili huwa gesi kamili iliyonaswa ndani ya fuwele za mwamba. Joto la volkano za Bonde la Ufa huifungua gesi hiyo na kuiruhusu ipande pamoja na nitrojeni hadi kwenye chemchemi za maji moto, zikiwamo zile za Ivuna, au inaswe chini ya matabaka ya udongo mzito. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, wakishirikiana na kampuni ya Helium One, walitangaza kwamba bonde hilo lina hazina kubwa ya heliamu, na mwanzoni mwa mwaka 2024 kisima kilichochimbwa Itumbula, wilayani Momba, kilifikisha gesi hiyo juu ya ardhi. Majaribio ya baadaye mwaka huohuo yalionyesha heliamu ya takriban asilimia 5.5, kiwango kikubwa sana kikilinganishwa na visima vingi vya gesi asilia duniani, ambavyo huwa na sehemu chini ya asilimia moja. Jambo jingine la kuzingatia ni kwamba gesi ya Rukwa huandamana na nitrojeni kuliko kuandamana na gesi za ukaa, kwa hiyo kuitoa si lazima kuchafue hewa.

Hata hivyo heliamu ya kawaida, yenye protoni mbili na nyutroni mbili katika kiini, haitoshi peke yake. Ikivutwa mvuke wake kwa pampu hushuka hadi kelvini moja hivi, kisha kazi hiyo huwa ngumu mno. Ili kwenda chini zaidi huhitajika ndugu yake adimu, heliamu-3, ambayo ina nyutroni moja tu na ambayo haitoki katika visima vya Itumbula kwa kiasi cha maana, bali hupatikana kutokana na kuoza kwa tritiamu, aina ya hidrojeni nzito yenye nusu uhai wa miaka 12.3. Heliamu hizi mbili zikichanganywa na kupozwa chini ya kelvini 0.87 hutengana katika matabaka mawili, la juu likiwa na heliamu-3 nyingi na la chini likiwa na heliamu ya kawaida ambayo, hata kwenye sifuri kamili, huendelea kushikilia heliamu-3 ya asilimia 6.6 hivi. Atomi za heliamu-3 zikilazimishwa kuvuka kutoka tabaka la juu kwenda la chini hunyonya joto kwa namna inayofanana na kimiminika kinachogeuka mvuke, na tofauti yake kubwa ni kwamba mvuke wa kawaida hutoweka baridi inapozidi, ilhali mvuko huu haukomi. Wazo hilo lilitolewa na Heinz London mwaka 1951, na jokofu la kwanza la aina hiyo lilifanya kazi Leiden katikati ya miaka ya 1960. Majokofu ya namna hiyo ndiyo yanayotumika hadi leo.

Baada ya kuipata baridi, swali kuu ni namna metali inavyoipokea. Kila kitu kina joto mahususi, yaani kiasi cha nishati kinachohitajika ili kilo moja yake ipande halijoto kwa kelvini moja. Kwa shaba katika chumba cha kawaida kiasi hicho ni jouli 385 hivi. Mwaka 1819 Wafaransa Dulong na Petit waliona kwamba metali nyingi, zikihesabiwa kwa idadi ya atomi badala ya uzito, zina joto mahususi linalokaribiana, na kwa karibu karne nzima jambo hilo lilichukuliwa kuwa sheria. Vipimo vya baridi vikaivunja. Mwaka 1907 Albert Einstein alieleza kwamba atomi zilizofungamana katika kimia, ule mpangilio wa kurudiarudia unaounda fuwele, haziwezi kupokea nishati kidogokidogo bila mpaka, bali kwa vipande vyenye ukubwa maalumu, na msukosuko ukiwa mdogo vipande hivyo huwa vikubwa mno kupokelewa. Peter Debye aliikamilisha hoja hiyo mwaka 1912 kwa kuihesabu mitetemo ya kimia kizima, ambayo vipande vyake huitwa fononi, akaonyesha kwamba karibu na sifuri kamili joto mahususi la kimia hupungua kwa kipeo cha tatu cha halijoto: halijoto ikipunguzwa mara kumi, joto mahususi hupungua mara elfu moja.

Metali ina mtunza joto wa pili ambaye vitu vingine havina, nazo ni elektroni huru zinazozunguka ndani yake na kupitisha umeme. Arnold Sommerfeld alionyesha mwishoni mwa miaka ya 1920 kwamba elektroni hizo zimejipanga katika ngazi za nishati zilizojaa kuanzia chini, na kwamba ni zile chache tu zilizo kwenye ngazi za juu kabisa zinazopata nafasi ya kuhama zinapopewa joto. Kwa sababu hiyo mchango wa elektroni katika chumba cha kawaida ni mdogo, lakini unapungua kwa uwiano wa moja kwa moja na halijoto, si kwa kipeo cha tatu, na hivyo baridi inapozidi kimia hubaki nyuma na elektroni hushika usukani. Kwa shaba mipaka ya tawala hizo mbili iko karibu na kelvini 4. Kwenye milikelvini 10 elektroni hubeba joto zaidi ya mara laki moja kuliko kimia, na joto mahususi la shaba yote huwa limeshuka hadi sehemu moja katika milioni tatu na nusu ya lile la chumbani.

Ndani ya mporomoko huo ndimo ilimo siri ya vigunduzi. Kiasi kilekile cha mahindi ambacho hakionekani kikimiminwa ndani ya ghala la mkulima wa Mbozi hujaza kibaba na kumwagika, na chembe moja ya mionzi inayogonga kitu chenye joto mahususi dogo mno hukipandisha halijoto kwa kiasi kinachopimika. Kigunduzi kinachofanya kazi kwa namna hiyo huitwa bolometa: hakihitaji kuona mwanga wala kusikia umeme wa chembe, kwa kuwa hupima joto tu ambalo chembe imeliacha.

Bolometa kubwa kuliko zote za aina hiyo ni ile iitwayo CUORE, iliyoko katika maabara ya Gran Sasso nchini Italia, chini ya mwamba wa mita 1,400, ambayo imekuwa ikikusanya takwimu tangu mwaka 2017. Ina fuwele 988 za oksidi ya telurio, kila moja ikiwa mchemraba wenye upande wa sentimita 5 na uzito wa gramu 750, zimepangwa katika minara 19 na kushikiliwa na fremu za shaba. Kinachotafutwa ni tukio ambalo halijaonekana bado, kuoza kwa atomi ya telurio-130 kwa namna inayotoa elektroni mbili bila nyutrino yoyote, tukio ambalo likithibitishwa litamaanisha kwamba nyutrino ni kinyume chake yenyewe, kama Ettore Majorana alivyodokeza mwaka 1937. Telurio yenyewe hupatikana kwa sehemu kubwa katika tope linalobaki chini ya mitambo ya kusafisha shaba kwa umeme, kwa hiyo kiwanda kimoja cha shaba kinaweza kuzalisha moyo wa kigunduzi na mifupa yake pia.

Tukio moja lenye nishati ya elektronivolti milioni moja hupandisha halijoto ya fuwele mojawapo kwa sehemu moja ya kumi ya milikelvini, na hilo hupimika. Linganisha na shaba: kipande cha shaba chenye uzito uleule wa gramu 750, kikiwa kwenye milikelvini 10, kina uwezo wa kubeba joto mara elfu arobaini hivi kuliko fuwele hiyo, kwa sababu fuwele haina elektroni huru, na tukio lilelile lingezama ndani yake bila kuacha alama. Kwa hiyo metali haifai kuwa moyo wa bolometa kubwa. Kazi yake ni nyingine, ngumu na isiyosifiwa sana: kushikilia fuwele, kuzikinga na joto la nje, na juu ya yote kulichukua joto kutoka kila pembe ya minara na kulifikisha kwenye jokofu. CUORE ina mapipa sita ya shaba, kila moja likiwa ndani ya jingine, la nje likiwa katika halijoto ya chumba na la ndani kabisa kwenye milikelvini 10, na jumla ya tani zipatazo 15 za metali na vinginevyo hupozwa chini ya kelvini 4. Mwaka 2014, kabla fuwele hazijawekwa, pipa la ndani lenye ujazo wa mita moja ya ujazo lilishushwa hadi milikelvini 6 na kubaki hivyo kwa zaidi ya siku 15. Hakuna mahali penye ukubwa huo palipowahi kujulikana kuwa na baridi kiasi hicho.

Uwezo wa shaba kupitisha joto katika hali hiyo hutokana na elektroni zilezile. Mwaka 1853 Wajerumani Wiedemann na Franz waligundua kwamba metali inayopitisha umeme vizuri hupitisha joto vizuri pia, na katika baridi kuu uhusiano huo huwa kamili kiasi kwamba anayejua ukinzani wa umeme wa kipande cha metali anaweza kukokotoa upitishaji wake wa joto bila kupima joto lolote. Elektroni inayosafiri ndani ya metali huzuiwa na vitu viwili, mtetemo wa kimia na kasoro za kimia, yaani atomi ngeni, mipasuko midogo na mipaka baina ya fuwele. Kimia kinapotulia kwa baridi kizuizi cha kwanza hutoweka, na shaba safi huwa bora kuliko ilivyokuwa: karibu na kelvini 20 hupitisha joto mara kadhaa kuliko chumbani. Chini ya hapo kasoro peke yake ndizo zinazobaki njiani. Usafi wa metali hupimwa basi kwa kugawanya ukinzani wake wa chumbani kwa ukinzani wake kwenye kelvini 4.2, na uwiano huo kwa shaba ya kawaida ya kibiashara huwa kati ya 50 na 100, ilhali kwa shaba iliyosafishwa na kupashwa moto kwa uangalifu huweza kupita 1,000. Mabamba mawili ambayo jicho, mizani na hata kemia ya kawaida huyaona kuwa ndugu mapacha yanaweza kutofautiana mara kumi kwa uwezo wa kupoza.

Katika atomi ngeni zote, chuma ndicho adui mkubwa wa shaba. Atomi ya chuma ina usumaku, na elektroni inayopita karibu nayo hushikana na usumaku huo kwa nguvu inayoongezeka kadiri baridi inavyozidi, jambo lililoelezwa na Mjapani Jun Kondo mwaka 1964 alipofumbua fumbo la miaka mingi la ukinzani unaopanda badala ya kushuka. Atomi chache za chuma katika kila milioni za shaba zinatosha kuiharibu. Dawa iliyopatikana inashangaza kwa kuwa haikiondoi chuma: shaba hupashwa moto hadi karibu na kuyeyuka ndani ya hewa hafifu yenye oksijeni kidogo sana, oksijeni ikapenya na kukigeuza chuma kuwa oksidi, na usumaku wake ukakoma kuzuia elektroni huku atomi zenyewe zikiwa bado zimo ndani.

Kimondo cha Mbozi, kilichoko Ndolezi kwenye mteremko wa kilima cha Marengi, ni mfano wa upande wa pili kabisa. Ni chuma cha asilimia 90 hivi na nikeli ya karibu asilimia 9, na vimondo vya aina hiyo vimetoka ndani ya miili ya angani iliyopoa kwa mwendo wa nyuzi chache tu katika miaka milioni, polepole kiasi ambacho hakuna tanuri la duniani linaloweza kuiga. Historia hiyo ndiyo fahari yake. Kwa kigunduzi cha baridi kuu, hata hivyo, mchanganyiko wa chuma na nikeli ni nyenzo mbaya: atomi za aina mbili zimesambaa ovyo katika kimia na kuzizuia elektroni kila hatua, na usumaku wake ungevuruga vipimo vyote vilivyo karibu. Metali zenye tabia hiyo, hasa chuma cha pua, hutumiwa pale tu ambapo kinachotakiwa ni kulizuia joto lisipite, kwa mfano katika fimbo zinazoning'iniza sehemu baridi kutoka kwenye sehemu yenye joto.

Uchafu mwingine hauonekani hata katika ukinzani. Shaba inaweza kuwa na mapovu madogo ya hidrojeni yaliyonaswa wakati wa kuyeyushwa, na molekuli za hidrojeni huja katika hali mbili zinazotofautiana kwa mwelekeo wa mzunguko wa viini vyao, moja ikiwa na nishati zaidi ya nyingine. Zikipozwa, zile zenye nishati zaidi hugeuka taratibu kwa siku na wiki nyingi, zikitoa joto dogo kila mara. Katika chumba cha kawaida joto hilo halina maana yoyote, lakini jokofu kubwa lililoko kwenye milikelvini 10 lina nguvu ya kuondoa mikrowati chache tu, na tani za shaba zinazovuja joto kutoka ndani yake zenyewe zinaweza kulichelewesha kwa mwezi mzima.

Maungio huleta shida ya namna nyingine. Vipande viwili vya shaba vilivyobanwa kwa bolti hugusana katika vilele vichache tu vya nyuso zao, na ngozi nyembamba ya oksidi iliyo juu yake haina elektroni huru za kubeba joto. Kwa hiyo nyuso husuguliwa, hupakwa dhahabu, ambayo haipati kutu, kisha hubanwa kwa nguvu kubwa, na bolti huchaguliwa kwa kuzingatia kwamba shaba hunywea kwa sehemu tatu hivi katika elfu inapopozwa kutoka chumbani, na bolti ikinywea kidogo kuliko shaba muungano hulegea wakati ule unapohitajika zaidi. Baina ya metali na heliamu yenyewe kuna kizuizi kikubwa zaidi, kilichogunduliwa na Mrusi Pyotr Kapitza mwaka 1941, ambacho huongezeka mara elfu kila halijoto inaposhuka mara kumi. Mafundi hukishinda kwa kuongeza eneo: unga laini wa fedha hushindiliwa na kupashwa moto mpaka chembe zake zishikane bila kuyeyuka, na ndani ya kijipande kinachotosha kiganjani hupatikana mita nyingi za mraba za uso wa metali.

Hata ndani ya kipande kimoja cha metali elektroni na kimia huachana. Kiasi cha joto kinachoweza kuhamishwa baina yao hupungua kwa kipeo cha tano cha halijoto, kwa hiyo kwenye milikelvini chache inawezekana elektroni za waya mwembamba zikawa na halijoto yao na kimia cha waya uleule kikawa na nyingine. Kipimajoto husoma halijoto yake chenyewe tu, na katika baridi kuu mtafiti hana budi kuthibitisha kwamba halijoto hiyo ni ya kile anachotaka kukijua.

Metali zinazopitisha umeme bila ukinzani zina tabia inayowashangaza hata wanafunzi wa fizikia. Ingetarajiwa kwamba metali isiyo na ukinzani ingekuwa mpitishaji bora wa joto, ilhali mambo ni kinyume, kwa sababu elektroni zinapofungamana mbilimbili na kusafiri bila kuzuiwa huwa hazibebi msukosuko wowote, na msukosuko ndio joto. Alumini huingia katika hali hiyo kwenye kelvini 1.2, bati kwenye 3.7 na risasi kwenye 7.2, na zikishafika chini kabisa ya hapo huwa karibu sawa na vitu visivyopitisha joto. Wahandisi hulitumia jambo hilo kutengeneza swichi ya joto: kipande cha alumini kilichozungushiwa sumaku hupitisha joto sumaku ikiwashwa, kwa kuwa sumaku huvunja ule ufungamano, na hulizuia ikizimwa.

CUORE imelazimika kuishi na tabia hiyo katika risasi yake. Risasi inahitajika kama kinga dhidi ya mionzi, lakini risasi mpya ina risasi-210, yenye unururifu na nusu uhai wa miaka 22 hivi. Kwa hiyo kinga ya ndani ilitengenezwa kwa risasi ya Warumi iliyoopolewa kutoka merikebu iliyozama karibu na Sardinia miaka elfu mbili iliyopita, ambayo unururifu wake umekwisha kuzimika chini ya bahari. Kwenye kelvini 4 risasi hiyo imekwisha kuingia katika hali ya kutokuwa na ukinzani na hupoa kwa uvivu, lakini muda huo wa kungoja ni gharama ndogo kwa kitu ambacho kiwanda chochote cha leo hakiwezi kukitengeneza.

Alumini ilifichua jambo zito zaidi katika kigunduzi kiitwacho NAUTILUS, kilichokuwa Frascati, Italia. Kilikuwa gogo la mchanganyiko wa alumini lenye urefu wa mita 3 na uzito wa kilo zaidi ya 2,200, likipozwa hadi kelvini 0.1, na lengo lake lilikuwa kusikia namna gogo zima linavyolia kwa kupitiwa na mawimbi ya uvutano, kwa kufuata njia iliyoanzishwa na Mmarekani Joseph Weber katika miaka ya 1960. Chembe za mionzi ya angani nazo hulifanya gogo lilie, kwa kuwa kila chembe inayopenya huacha mstari mwembamba wa joto, mstari huo hutanuka ghafla, na mtanuko hugonga metali kama nyundo. Katika hali ya kawaida ukubwa wa pigo hilo haubadiliki sana kwa baridi, kwani joto mahususi na kiwango cha kutanuka hushuka pamoja. Watafiti waliona, hata hivyo, kwamba gogo likiwa chini ya halijoto ya kupoteza ukinzani, chembe kadhaa zilililiza kwa nguvu isiyotarajiwa. Ikabidi kipande kidogo cha mchanganyiko huohuo kipigwe kwa elektroni za mtambo wa kuongeza kasi palepale Frascati, na ikathibitika kwamba hali ya metali yenyewe ilikuwa na sehemu katika kelele ile: njia ya chembe huirudisha metali katika hali ya kawaida kwa kitambo, na badiliko hilo lina mtanuko wake wa ziada. Mtu aliyejenga kigunduzi bila kuijua tabia hiyo angeweza kuihesabu mionzi ya angani kuwa habari kutoka nyota za mbali.

Mionzi hiyohiyo ya angani huiharibu shaba kwa njia ya kimya. Shaba ikiwa bado ndani ya mwamba imekingwa, lakini tangu inapotolewa mgodini nyutroni zinazotoka angani huvigonga viini vyake na kuzaa kobalti-60, yenye unururifu na nusu uhai wa miaka 5.27, na uharibifu huo huongezeka pamoja na mwinuko kwa kuwa hewa ya juu ni hafifu. Bamba linalosubiri katika foleni ya malori kwenye nyanda za juu za Tunduma hupokea mionzi zaidi kuliko bamba lililoko katika bandari ya Dar es Salaam. Kwa waya wa umeme jambo hilo halina athari yoyote, lakini kwa kigunduzi siku zote za juu ya ardhi huandikwa katika hesabu, na watafiti wa jaribio la Majorana nchini Marekani waliona ni heri kuikuza shaba yao upya kwa umeme chini kabisa ya ardhi, tabaka juu ya tabaka, kwa mwendo wa polepole sana, kuliko kuinunua iliyokwisha kuona jua.

Kujua ni shaba ya namna gani inayopita Tunduma si kazi inayohitaji maabara ya Gran Sasso. Kipande chembamba kilichokatwa kutoka bamba, nyaya nne, chanzo cha mkondo na kipimavolti makini vinatosha kupima uwiano wa ukinzani, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kiko kwenye barabara ileile inayopitiwa na malori hayo. Nyaya mbili hupeleka mkondo na mbili hupima volti, ili ukinzani wa nyaya zenyewe usiingie katika hesabu. Nitrojeni kimiminika haiwezi kuifanya kazi hiyo vizuri, kwa kuwa kwenye kelvini 77 mtetemo wa kimia bado unatawala, na shaba njema na mbaya zote huonyesha ukinzani uliopungua mara 8 hivi. Inahitajika heliamu, na hapo ndipo hazina ya Itumbula inapopata maana nyingine mbali na ile ya kuuzwa nje kwa ajili ya mashine za hospitali na viwanda vya elektroniki: lita chache za kimiminika, kipande kikizamishwa hadi kelvini 4.2, na shaba yenye uwiano wa 50 hutengana mara moja na yenye uwiano wa 500.